Gari Lililouzwa Bila Kamba

Gari letu lilikuwa jipya kuliko kitu chochote tulichowahi kumiliki, na likabaki jipya kwa sababu mume wangu hakutaka lizeeke. Viti vyake vilikuwa bado vimevaa plastiki za kiwandani. Juu ya plastiki palikuwa na vitambaa vyeupe nilivyovifuma kwa mikono yangu, kila kimoja na ua katikati, maana Kalama alisema plastiki peke yake hazitoshi. Ukiketi, kiti kinalia kwaru kwaru kama mtu anayekula bisi msibani. Winnie, binti yetu aliyeko chuoni, alipokuja likizo akalitazama, akauliza, "Mama, hili ni gari au ni sebule?" Babake akamjibu kwamba akiba haiozi.

Ili mumwelewe Kalama, sharti mjue kwao. Yeye ni mtoto wa Bamba, na babake, marehemu mzee Ngowa, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Katika boma lile mtoto alijifunza jambo moja kabla hajajua kuvaa suruali: mnyama akitunzwa, thamani yake hupanda. Mlishe, mnyweshe, mkinge jua, na mwakani utamuuza kwa bei nzuri kuliko ya mwaka huu. Kalama akakua, akaja Mombasa, akaajiriwa bandarini kuwa karani wa kuhakiki magari yanapoteremshwa melini, lakini kichwani mwake zizi la babake halikubomoka. Miaka yote hiyo alihakiki magari ya watu, na mengi yalikuwa mitumba iliyokwisha kukaliwa na watu asiowajua. Akaapa kwamba siku yake ikifika atanunua jipya. Ikafika, akaliona moja dogo, jeupe, la umeme, lisilonguruma wala kutoa moshi, na maneno yangu yote ya kumzuia yakaanguka chini.

Tukalinunua. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, nami sitajifanya kwamba sikufurahi. Siku ya kwanza kwenda nalo kanisani nilivaa leso mpya na nikashuka pole pole ili nionekane na kwaya nzima.

Sisi tunakaa Bondeni, ghorofa ya kwanza, na uani kuna nafasi ya gari moja. Waya wa kuchajia ulitoka jikoni kwangu, ukapita dirishani, ukashuka hadi kwenye pua ya gari, na Kalama akiuteremsha taratibu kama anayeteremsha ndoo kisimani. Akimaliza kuchaji anafunika turubai. Gari lilikaa hivyo wiki nzima, kisha Jumapili linafunuliwa, linapanguswa, linakwenda kanisani na kurudi. Sokoni Marikiti tulikwenda kwa miguu, maana viazi vina udongo. Kwao Bamba hatukwenda kabisa, kwa sababu barabara ina vumbi. Nilimuuliza siku moja tumenunua gari la kwenda wapi, akasema nitakuja kumshukuru siku ya kuliuza.

Mwaka haujatimia, ikaja meli.

Kalama alirudi kutoka kazini, akaketi mezani, akakiweka kijiko chini bila kukitumia. Nilimwekea wali wa nazi na kunde, chakula ambacho kwa kawaida hula sahani mbili kisha akaomba ukoko wa chini ya sufuria.

"Wameteremsha mapya," akasema.

"Mapya yapi?"

"Kama letu. Yanakwenda mbali kuliko letu, na bei yake ni ndogo kuliko tuliyonunulia sisi."

"Sasa letu limekuwaje?"

"Letu limelala pale uani, na linashuka." Akanitazama kama mtu aliyeonewa. "Halijaguswa, mama Winnie! Halina hata mkwaruzo, na linashuka!"

Hilo ndilo lililomshinda. Lau lori lingeligonga, angepata wa kumgombeza. Lau lingeibwa, angekwenda polisi. Lakini kitu kilichofunikwa, kinachopanguswa kila wiki, kinaporomoka thamani kikiwa kimesimama pale pale, na hakuna wa kumlaumu. Kila meli ya magari ilipotia nanga, yeye ndiye aliyesimama pale na kalamu yake kuyahesabu yale yale yanayolishusha letu. Akirudi nyumbani, hali chakula. Akilala, anageuka upande huu na huu, na asubuhi, kabla ya yote, anafungua simu kutazama watu wanauza ya namna ile kwa kiasi gani. Kuimba akinyoa ndevu kukakoma. Suruali zikaanza kumpwaya, nikazipunguza kiunoni, kisha nikazipunguza tena.

Nikampeleka kliniki. Daktari akampima, akatikisa kichwa, akamwambia presha imepanda, apunguze chumvi na apunguze mawazo. Chumvi niliipunguza mimi. Mawazo yalikuwa uani, yamefunikwa turubai.

Niliogopa. Nasema wazi. Kaka yangu alianguka kwa presha akiwa anafunga kamba za viatu, na hakuinuka, na tangu siku ile sitaki kusikia habari ya mtu anayejilimbikizia mambo moyoni. Basi nikamwambia Kalama kwamba gari litauzwa. Nilitarajia vita. Hakubisha. Alisema tu, "Lakini kwa bei yake."

Bei yake! Bei yake ilikuwa imeondoka na meli ya kwanza.

Tukamtafuta Khubaib, dalali wa Mji wa Kale, mtu wa kanzu isiyokuwa na doa na ulimi mtamu kuliko halua. Akaleta wanunuzi. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Kizingo, akaketi kwenye usukani, kiti kikalia, akaruka. Akauliza mbona viti vina plastiki, kwani kuna mgonjwa ndani? Kisha akataja bei. Kalama akamwambia, "Hiyo si bei, hilo ni tusi," akavuta turubai. Mwezi uliofuata akaja mwengine akataja bei ya chini zaidi, naye akafukuzwa. Hapo Kalama akanituma nimuulize Khubaib kama yule wa Kizingo bado anataka. Alikuwa amekwisha kununua jipya kutoka melini. Tusi la mwezi uliopita likawa ndoto ya mwezi huu.

"Baba Winnie," Khubaib akamwambia kwa upole, "biashara haigombi. Bei ya leo wataka kuikataa, ikatae, lakini ujue ya kesho yaja nyuma yake yachechemea."

Bei zenyewe sitazitaja. Mkitaka kuzijua mumuulizeni Kalama, ila msimuulize akiwa anakula.

Ndipo akaja Bi Mejumaa.

Alishuka kwenye tuktuk hapo mlangoni petu, mama mnene mwenye haiba, mikono ya buibui ameikunja hadi kwenye viwiko, na mkononi amebeba sufuria. Si ya chai. Ni ile sufuria kubwa ya arusi ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Khubaib alikuwa nyuma yake, ameshika mfuniko, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyetaka kuulizwa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bi Mejumaa. Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyote? Wana, wazee, jirani?"

"Hatujambo, wote wazima."

"Haya, alhamdulillahi. Gari li wapi, nilipime?"

Kalama akaitazama sufuria. "Utalipima kwa nini, bibi?"

"Kwa hii."

Bi Mejumaa ni mpishi wa arusi. Mtu akiozesha Mji wa Kale, au akisoma maulidi, pilau hupikwa uani kwake na kupelekwa kwenye nyumba ya shughuli. Miaka yote ilipelekwa kwa mkokoteni, sufuria zimefungwa kwa kamba, na hamali anavuta. Lakini mkokoteni ulikuwa umezeeka, na hamali naye pia. Alitueleza hayo huku akifungua mlango wa nyuma wa gari, na kabla Kalama hajasema lolote, vitambaa vyangu vilikuwa vimekunjwa na kuwekwa begani kwa Kalama, kiti kimelazwa, na sufuria imo ndani. Akafunga mlango. Akafungua. Akafunga tena.

"Mbili nyuma," akasema peke yake, "moya hapa kitini, na ya kachumbari juu yake."

"Bi Mejumaa," Kalama akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuhurumiwa, "gari hili halijabeba hata mfuko wa viazi."

"Basi limechoka kungoja, mwanangu."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na Kalama akanikata jicho.

"Arusi ya yuzi," Bi Mejumaa akaendelea, "gurudumu limevunjika konani. Mtele wangu wote umelala ndiani, na watu wameketi mikekani wangoja. Bwana arusi yuwatazama mlango kuliko amtazamavyo mkewe. Pilau ikafika imepoa. Mimi! Pilau ya Mejumaa imepoa! Sijaona haya kama ile tangu kuzawa. Sasa nataka kigari kidogo kipitacho vitochoroni, kisichonuka petroli kikanitilia harufu chakulani, na kisichopiga kelele. Mimi siendi Nairobi. Mimi naenda kwa bibi arusi na narudi. Marehemu mume wangu alikuwa na teksi, kuendesha alinifunza mwenyewe. Haya, semani."

Akataja bei yake. Ilikuwa chini ya ya yule bwana wa Kizingo. Haikuwa chini sana, lakini ilikuwa chini, na niliona Kalama akilitazama turubai. Kabla hajatamka neno tusi mbele ya mama wa watu, nikamshika mkono nikamvuta hadi chini ya ngazi.

"Kalama, nisikilize. Ng'ombe hunenepa. Chuma hakinenepi."

"Lakini tumelitunza."

"Tumelitunza, nawe umekonda. Niambie, kati ya hivyo viwili, kipi nitapata pa kukinunua tena?"

Kalama alikuwa ameegemea ukuta, na nikaona mifupa ya shingo yake ambayo zamani ilikuwa haionekani. Nikataka kumwambia mengi, kuhusu kaka yangu, kuhusu vile ninavyoamka kumsikiliza kama anapumua, lakini nikaona nitalia mbele ya wageni. Nadhani aliona. Akarudi uani, akampa Bi Mejumaa mkono, akasema, "Chukua, bibi. Mungu akubariki nalo."

Mambo ya malipo na ya kubadilisha jina Khubaib aliyakamilisha wiki ile ile. Siku Bi Mejumaa alipolitoa uani, gari liliondoka kimya, na turubai likabaki chini limejikunja. Mimi niliingia jikoni nikalia, nikacheka, nikafunga dirisha lile lililokuwa wazi mwaka mzima kwa ajili ya waya. Ilikuwa raha ya mtu aliyetua gunia mlangoni. Nikapika samaki wa kupaka. Kalama akala nusu kipande, akasema amechoka, akaenda kulala. Nikajipa moyo kwamba mtu haponi kwa siku moja.

Siku chache baadaye, Ijumaa, simu ikalia.

"Loise mwanangu, hujambo?" Alikuwa Bi Mejumaa. Tukasalimiana hadi mwisho, hata paka tukamuulizia hali, kisha akasema, "Gari limelala."

"Limelala vipi, bibi?"

"Mato yake hayawaki, halina sauti. Limekwisha umeme."

"Si ulichomeke tu?"

"Nilitomeke na nini? Waya u wapi? Nimepekua nyuma, nimepekua tini ya viti, hamna. Khubaib yuwaapa hakuuona. Na kesho nna arusi." Akavuta pumzi. "Mwanangu, mimi sipendi kumdhania mtu. Lakini nikiuziwa taa, nauziwa na utambi wake. Kama mumejuta, gari ni hili, lijieni, mnipe changu. Lakini msinitese."

Nikamwambia nitampigia. Nikatafuta jikoni, chini ya sinki, juu ya kabati. Nikaingia chumbani. Kalama alikuwa ameketi kitandani, na koti lake la Jumapili lilikuwa juu ya mto. Nikafunga mlango ili nione ule msumari ulio nyuma yake, ambapo koti lile huning'inia siku zote. Waya ulikuwa pale. Ulikuwa umekunjwa duara juu ya duara, umefungwa katikati kwa fundo moja, kama wachuuzi wa ng'ombe wanavyokunja kamba zao wakitoka sokoni.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Kamba," akasema.

Hakusema kwa mzaha. Akaniambia kwamba babake hakuuza ng'ombe na kamba yake hata siku moja. Mnunuzi huja na yake, humfunga mnyama, na muuzaji huifungua ya kwake akarudi nayo nyumbani, kwa maana ukitoa kamba umetoa bahati ya zizi. Mara moja tu mzee Ngowa alisahau. Alikuwa mgonjwa, akauza fahali na kamba yake, na mwaka ule ukame ukawamaliza ng'ombe wake wote.

"Ukame uliwamaliza ng'ombe wa Bamba nzima," nikamwambia, "na wa waliozishika kamba zao!"

Akageuka akautazama msumari.

"Na ng'ombe bila kamba hula majani. Gari bila waya litakula nini, Kalama? Litakula pilau?"

Hilo alilijua kuliko mimi. Mtu aliyehakiki magari ya umeme melini, moja moja, akitia alama pale penye waya, mtu huyo hawezi kuniambia kwamba hakujua. Ndiyo maana nilizidi kukasirika. Nilisema maneno mengi pale mlangoni, mengine sikumbuki na mengine nakumbuka lakini hayaandikiki. Alinisubiri hadi nikaishiwa.

"Nilijua atapiga simu," akasema. "Nikafikiri labda atalirudisha."

"Likirudi, utalifanya nini?"

"Sijui." Akaitazama mikono yake. "Nimepoteza kitu kikubwa, mama Winnie. Kimeniponyoka hivi hivi, nikiona. Na sikubaki hata na kitu cha kushika."

Hasira ikanitoka yote. Nikaketi kando yake. Nami ni mtoto wa Kigiriama, nimezaliwa Kaloleni, na ile kamba ya mzee Ngowa sikuweza kuicheka. Nilijua kwamba nikimpokonya waya ule kwa nguvu nikampelekea mpishi, gari litaondoka lakini moyo wa mume wangu utabaki uani pale chini ya turubai, unashuka. Na nikimwachia, Bi Mejumaa ataturudishia gari, na tutaanza tena meli baada ya meli. Nilikuwa sijui la kufanya, basi nikafanya lile lililo karibu.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunakwenda kwake sote wawili. Hayo uliyoniambia, utamwambia mwenyewe."

Tukatoka Bondeni kwa miguu, yeye na waya begani, mimi nyuma yake asije akageuka njiani. Karibu na msikiti mwanamke mmoja akamwita kutoka barazani, "Fundi! Ukirejea, pita kwangu unitazamie swichi yangu!" Kalama akaitikia kwa kichwa tu.

Nyumbani kwa Bi Mejumaa harufu ya vitunguu ilianza kutupokea tangu mwanzo wa kichochoro. Gari lilikuwa limesimama mbele ya mlango. Plastiki za viti zimechanwa zote. Vitambaa vyangu vilikuwa vimefuliwa, vinakauka dirishani, na juu ya boneti palikuwa na alama ya mviringo ya masizi mahali ambapo mtu alitua sufuria. Nilimsikia Kalama akivuta pumzi kwa meno.

Bi Mejumaa alisimama kizingitini, mikono kifuani. Lakini hata hasira ya Mji wa Kale huanza kwa salamu. Akatuuliza hali, akauliza hali ya Winnie, akatuombea afya, nasi tukaitikia kila kitu. Kisha akasema, "Haya. Sasa nambiani."

Kalama akamwambia. Alimwambia kila kitu, akiwa amesimama pale kichochoroni, watu wakipita: babake, soko la Bamba, kamba, yule fahali, na kwamba alikuwa anatumai gari lirudi. Hakujitetea. Alipomaliza akaushusha waya begani akaushika kwa mikono miwili, lakini hakuutoa. Niliona vidole vyake vimekaza, nami nikaomba Mungu mama yule asicheke. Akicheka tu, nilijua, mume wangu ataufyata moyo wake wala sitauona tena.

Hakucheka. Alimtazama Kalama, akatazama waya, akaingia ndani. Tukasikia vitu vikisukumwa uani. Aliporudi alikuwa na kamba ya katani, nene, nyeusi kwa mafuta na moshi, yenye mafundo hapa na pale ambapo ilikatika ikaungwa.

"Hii ndiyo kamba ya mkokoteni wangu," akasema. "Imefunga sufuria za arusi ya kulla mtu mji huu. Mnyama wangu mkongwe nimemuata, yu uani, gurudumu hana. Kamba yake yakaa bure. Mwanangu, tukua hii uende nayo zizini kwako. Mimi nipa ya kwangu."

Kalama akaipokea ile kamba kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukautoa waya, na vyote viwili vikabadilishana mikono wakati mmoja. Kisha akafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Akamwomba Bi Mejumaa amwonyeshe soketi, akaingia, akapitisha waya dirishani mwenyewe, akauchomeka kwenye pua ya gari, akamwonyesha taa ndogo inavyowaka ikiwa umeme unaingia. Akalipangusa lile duara la masizi kwa kiganja, halikutoka, akaliacha.

"Bi Mejumaa," akasema, "sharti nikwambie kweli. Hili litazidi kushuka. Kuna meli nyingine iko njiani."

"Lishuke!" Bi Mejumaa akasema. "Kwani mimi naliuza? Hii sufuria nlinunua kwa pesa nyingi, leo ukiipeleka sokoni utapawa bei ya chuma. Na kesho yalisha arusi nzima. Cha kuvunda hakina ubani, baba. Ingiani, mle."

Tukaketi mkekani. Ilikuwa pilau ya mteja mwengine, akatuchotea kutoka pembeni ya sufuria akasema mteja hatajua. Mimi sikula. Nilimtazama Kalama. Alianza pole pole kama mtu anayejaribu jino bovu, kisha tonge likawa kubwa, kisha akakunja mkono wa shati. Alipomaliza sahani akaichungulia sufuria ile kubwa, akamwuliza Bi Mejumaa kwa haya kidogo, "Ukoko haukubaki?"

Niligeuza uso nikatazama ukuta. Machozi yalikuwa yamekwisha kuniwahi, na Bi Mejumaa akasema ni vitunguu.

Tulirudi Bondeni na kamba begani mwake. Siku hizi imening'inia kwenye ule msumari nyuma ya mlango, na koti la Jumapili nimelitafutia mahali pengine, maana chumba chote kinanukia bizari na nguo za kanisani zilianza kunukia pia. Pale uani mwenye nyumba ameanika nguo. Viazi tunavileta kutoka Marikiti kwa miguu kama zamani, na Bamba tulikwenda kwa basi, tukala vumbi, tukarudi.

Juzi Kalama alirudi kutoka kazini amechelewa, na nguo zake zilikuwa na lile vumbi la sehemu wanakoteremshia magari. Nikamngoja anawe mikono.

"Meli imeingia?" nikauliza.

"Imeingia."

"Ya magari?"

"Ya magari. Mengi sana." Akavuta kiti, akaketi, akalisukuma pembeni lile bakuli la kachumbari lililokuwa linamziba. "Mama Winnie, leo umeuficha wapi ukoko?"

Nikamletea sufuria nzima.